Bei ya Kufungua

Mwajiri wangu alikuwa akisema anatafuta mfanyakazi asiye na shemeji. Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mjini Embu, mzee mnene mwenye sauti ndogo, na maghala yake yalikuwa mawili: moja hapo Embu, jingine Meru, karibu na soko la Gakoromone. Alinunua ndengu na kunde kutoka kwa wakulima wa nyanda kavu za chini, maharagwe kutoka kwa wale wa milimani, na kazi yake yote ilikuwa kujua wapi bei imepanda na wapi imelala kabla wenzake hawajajua. Serikali ilikuwa imeacha kuwapangia watu bei ya nafaka. Sasa kila mtu alijipangia mwenyewe, naye aliamini kwamba madalali wake wanampangia kwa faida ya jamaa zao. Dalali wa Meru alikuwa na shemeji muuza maharagwe. Dalali wa nyanda za chini alikuwa na shemeji mwenye lori.

"Madam," aliniambia, "mimi nataka kitu inasema nunua ama uza. Haina shemeji, haina kiu, haikuji Monday ikinuka pombe."

Kitu hicho kilikuwa kompyuta, na mtu wa kuichagua nilikuwa mimi. Nilikuwa karani wake wa kupiga taipu, lakini niliwahi kusomea kompyuta Nairobi, katika chuo kilichokuwa juu ya duka la viatu, na hilo lilinitosha kuitwa mtaalamu Embu nzima. Alichotaka kilikuwa rahisi kueleza. Kila asubuhi bei za masoko yote ziingizwe kwenye mashine. Mashine izilinganishe, itoe gharama ya usafiri, iangalie kila ghala lina magunia mangapi, kisha ichape karatasi yenye neno moja kwa kila aina ya nafaka: NUNUA, UZA au NGOJA. Madereva wapakie kwa karatasi hiyo. Mtu asiulizwe kitu.

Lazima niseme nilivyokuwa wakati huo, la sivyo yanayofuata yataonekana ya mtu katili. Mume wangu alikuwa amekufa kwa malaria, ugonjwa ambao watu huugua wakapona na kurudi kazini. Yeye hakurudi. Kwenye mazishi, huko kwao Meru, watu walinitazama wakingoja nilie, na mimi niliangalia udongo ukirudishwa nikawaza kwamba mmoja wa wachimbaji amevaa viatu visivyolingana. Sikulia siku hiyo wala baadaye. Wengine walisema nina roho ngumu. Roho yangu haikuwa ngumu, ilikuwa imekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, nami nilingoja ile michomo ya damu kurudi na haikuja.

Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anaunga maneno mawili. Baada ya mazishi mama mkwe wangu alimfunga mgongoni kwa leso akaniambia, "Mtoto atabaki na mimi mpaka utulie." Sikupata sababu ya kukataa. Nikarudi Embu, kwenye chumba changu cha mtaa wa Majimbo, nikaosha vyombo, na Jumatatu nikaenda kazini. Nilikwenda Meru kumwona mara chache. Kila mara mtoto alijificha nyuma ya nyanya yake, na kila mara mama mkwe alinichunguza uso kisha akasema, "Bado. Macho yako bado yamelala." Alikuwa amesema kweli. Mwishowe niliacha kwenda. Nilituma tu sukari na sabuni kwa dereva wa lori la ghala.

Basi nikaenda Nairobi kuangalia mashine. Muuzaji alikuwa amevaa tai yenye picha za miavuli, na alisifu kompyuta zake kama mtu anayesifu fahali mnadani. Bajeti ya mzee ilitosha moja kati ya mambo mawili. La kwanza lilikuwa mashine moja kubwa, ya 486, yenye kumbukumbu nyingi na diski pana, ikae Embu na ilishwe bei kwa simu. La pili lilikuwa mashine mbili ndogo, za 386, moja Embu na moja Meru, kila moja na nakala yake ya hifadhidata, yaani yale majedwali ambamo bei na magunia yangeandikwa, kisha kila siku disketi isafiri na lori kutoka huku kwenda kule ili nakala hizo zilingane. Muuzaji alitaka pia kuniuzia modemu, kifaa cha kupitisha data kwenye waya wa simu. Nilimwuliza kama amewahi kupiga simu kutoka Meru mvua ikinyesha. Hakuwahi. Tukaendelea na mengine.

Niliporudi, mzee aliniambia nimwandikie pendekezo, lisizidi ukurasa mmoja kwa sababu miwani yake humchosha. Halafu akaongeza, akiwa tayari ameshika kofia yake:

"Kama ni mbili, wewe utaenda Meru. Huko hakuna mtu anajua hii kitu, na huko ni kwenu. Kama ni moja, unabaki na mimi hapa."

Nilielewa vizuri sana. Mimi ni mzaliwa wa Meru, nimeolewa Meru, na mtoto wangu alikuwa Meru. Mashine mbili zilimaanisha chumba cha kupanga umbali wa kutembea kutoka kwa mama mkwe wangu, naye hangekuwa tena na njia ya kusema niko mbali. Mashine moja ilimaanisha Majimbo, jiko la mafuta ya taa, na sukari kwa mkono wa dereva.

Nilikaa mezani nikaandika. Hifadhidata ikiwa moja, ukweli ni mmoja. Zikiwa mbili, siku moja Meru watauza magunia ambayo Embu wameshamwahidi mtu mwingine, na hakuna atakayejua mwongo ni nani. Disketi hupinda, hulowa, husahauliwa juu ya dashibodi jua likiwaka. Mashine ndogo itachukua muda mrefu kulinganisha masoko yote na aina zote, na malori yatasimama yakingoja. Pia betri ya akiba ya kulinda mashine stima ikipotea itabidi inunuliwe mara mbili. Kila sentensi ilikuwa sahihi. Hata leo ningempa alama mwanafunzi aliyeandika hivyo. Nilipomaliza nilijipekua kuona kama kuna kitu ndani yangu kinachopinga, na hakikuwepo. Nikapendekeza moja, nikatia sahihi, nikaenda kula githeri.

Mashine ilipofika, mzee aliifungulia chumba cha pekee, akaweka zulia na kuamuru watu wavue viatu mlangoni. Wapakiaji walikuja kuchungulia. Mmoja wao aliisalimia. Mimi nilitengeneza majedwali: moja la masoko, moja la aina za nafaka, moja la magunia yaliyomo maghalani, na moja kubwa la bei. Kwenye hili la bei niliweka sheria ambayo niliionea fahari, kwa kadiri nilivyoweza kuona fahari ya kitu chochote wakati huo. Soko moja, aina moja, siku moja, bei moja. Ukijaribu kuingiza bei ya pili ya maharagwe ya rosekoko ya Gakoromone siku hiyo hiyo, mashine inalia na kukataa. Nilitaka jedwali safi. Uchafu sikuwa na nguvu nao.

Aliyetupigia simu kutoka Meru alikuwa mtunza ghala wa huko, mwanamume wa makamo, mzee wa kanisa, ambaye hakuwa na shemeji hata mmoja sokoni kwa sababu mkewe alitoka mbali. Nilikuwa nimempa maagizo: asubuhi, mapema, kabla laini za simu hazijajaa, bei moja kwa kila aina. Alifuata maagizo hayo bila kukosa. Simu ililia, akanisalimu, akauliza kama tumeamka salama, kisha akasoma: rosekoko, mwitemania, njahi, ndengu. Mimi nikaandika, nikabonyeza, printa ikakereza, na karatasi ikatoka.

Mwanzoni mzee alikaa mbele ya mashine, kofia mapajani, akatabasamu tu. Halafu tulianza kuona jambo. Kila asubuhi mashine ilisema Meru kumelala. NUNUA Meru, NUNUA Meru. Lori likapanda huko tupu, likafika Gakoromone mchana, na wanunuzi wetu wakakuta bei iko juu kuliko ya Embu. Lakini karatasi ilisema nunua, na mzee alikuwa ameapa kwamba karatasi haibishiwi, hivyo wakanunua. Ghala la Embu likajaa maharagwe ya bei ghali hadi mlangoni. Fukusi wakaanza kuonekana. Harufu ya ile dawa ya kuwaulia ilinifuata mpaka nyumbani, ikakaa kwenye mto wangu.

Mzee alirudi kwenye imani yake ya zamani. "Huyo mtu wa Meru ako na shemeji," alisema. "Ametafuta moja."

Nilikagua diski. Nilikagua betri. Nilipitia programu mstari kwa mstari, nikaipa bei za kubuni, nayo ikatoa majibu sahihi. Nikachapa bei zote za Gakoromone tangu tuanze, nikazitandaza sakafuni. Zilikuwa chini kila siku, chini hata kuliko bei za mashambani, na hakuna siku iliyoruka. Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilizikunja nikamwambia mzee kwamba inabidi mtu aende akae na yule mtunza ghala asubuhi moja. "Enda wewe," akasema.

Nilipanda na lori letu, nikalala kwa dada yangu, na kulipokucha nikamfuata mtunza ghala sokoni. Kulikuwa na baridi na ukungu, na wanawake ndio walikuwa wakifungua magunia. Akasimama mbele ya mmoja aliyekuwa bado anafungua kamba ya gunia lake, akamsalimu, akauliza rosekoko ni bei gani leo. Mwanamke yule akainua uso, akamwona mtu wa kwanza wa siku, akataja bei na kumalizia kama wanavyomalizia wote:

"Hiyo ni ya kufungua."

Mtunza ghala akashukuru na kwenda kwa mwingine, ambaye naye alikuwa bado hajauza.

Nilisimama pale kwenye matope nikiwa na miaka yangu yote. Hakuna mtoto wa Meru asiyejua mambo haya. Mteja wa kwanza harudishwi. Akitaja bei ya kuchekesha unamnung'unikia kidogo, kisha unampa, kwa sababu ukimwacha aondoke mikono mitupu umeifunga siku yako mwenyewe. Ukishapokea pesa yake unaigusisha kichwani, unaipitisha juu ya gunia, halafu ndipo biashara inaanza na bei inapanda mahali pake. Ile ya kwanza hata hatukuiita bei. Mama yangu mzazi alikuwa akiniamsha gizani na sarafu chache nikawahi kufungulia watu, nirudi na gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, limejaa kwa pesa isiyotosha nusu yake. Nilikulia kwenye bei hiyo. Nikaenda chuo, nikajenga jedwali lenye nafasi ya bei moja, nikaagiza ipatikane mapema, na kwa wiki nyingi nikalisha mashine bei za baraka.

Nilimwambia mtunza ghala. Alifikiri, akavua kofia yake ya sufu, akaivaa tena.

"Lakini, mama, uliniambia ya asubuhi," alisema. "Ukisema asubuhi, ni hiyo."

"Ndiyo. Nilisema hivyo."

"Kumbe ulitaka ya mchana."

Hakuna aliyekuwa amedanganya. Sote wawili tulijua, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba mashine haijui.

Kabla ya kuondoka nilipita upande wa wauza maharagwe wa zamani, ambako mama mkwe wangu alikuwa na nafasi yake. Nilijificha nyuma ya rundo la kabichi, mtu mzima. Alikuwa akipepeta. Pembeni yake, juu ya debe lililogeuzwa, alikaa mtoto wangu, akichambua mawe kutoka kwenye maharagwe na kuyatia kwenye kopo. Alikuwa amekua. Alikuwa na sweta jekundu lenye kifungo kimoja kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Nilimtazama mpaka muuza kabichi akaniuliza kama nanunua. Sikusikia kitu cha kunisukuma mbele, kwa hiyo niliondoka. Njiani nikirudi Embu nilijikuta nawaza kuhusu ule uzi mweupe, kwamba mtu alikosa mwekundu siku hiyo, kwamba mtu huyo si mimi. Niliendelea kuuwaza hata tulipoanza kuteremka kuingia mjini, na niliona ajabu kidogo, maana kwa muda mrefu sikuwa nimewaza jambo moja mpaka mwisho.

Dawa ilijulikana. Kila aina ilihitaji bei ya kufungua na bei ya mchana, na ikiwezekana ya jioni, na zote haziwezi kusomwa kwa simu inayokatika katika neno la pili. Lazima mtu awe Meru, atembee sokoni, aingize mwenyewe. Nilimwandikia mzee ukurasa mwingine.

"Si ulisema moja?" akauliza.

"Nilisema moja."

"Sasa unasema mbili."

"Nasema mbili."

Nilidhani atanifukuza. Akaangalia magunia yaliyozuia mlango wake, akapumua. "Kuteleza si kuanguka," alisema, "lakini madam, wewe umeteleza na ghala yangu." Akanunua ya pili, ndogo, ya 386 iliyokuwa imetumika, na kama alivyokuwa amesema tangu mwanzo, aliyekwenda nayo ni mimi.

Lile tatizo la nakala mbili kugombana nililitatua hivi. Kila rekodi niliipa alama ya mahali ilipozaliwa. Iliyozaliwa Meru, Meru pekee ndiyo ingeweza kuibadilisha. Embu ingeisoma tu, na ya Embu vivyo hivyo. Disketi ilipofika, mashine ilijua kila rekodi kwao ni wapi. Watu niliowasimulia habari hii baadaye wamenikonyeza, wakisema bila shaka nilikuwa namfikiria mtoto. Hapana. Nilikuwa nafikiria disketi. Watu wanapenda sana kuwapa wenzao moyo mahali ambapo palikuwa na kazi tu.

Mama mkwe alipokea habari za kuhamia kwangu akiendelea kupepeta. Tulizungumza Kimeru, nami nayaandika kwa Kiswahili.

"Umekuja kazi," alisema.

"Nimekuja kazi, Mama. Na nilitaka kuomba mtoto awe analala kwangu."

Akanitazama machoni, muda mrefu kama kawaida yake. "Mtoto ametulia. Wewe bado."

Hakumwambia mtoto mimi ni nani, nami sikusema. Kila mchana nilizunguka soko kuuliza bei, na nafasi yake ilikuwa kwenye njia yangu kama nyingine zote. Nikisimama, mtoto alitaja bei kabla ya nyanya yake, kwa sauti ya mtu mkubwa, na mimi niliiandika kiganjani kwa kalamu, nikaenda kuiingiza. Aliniita "yule wa bei." Niliomba tena mara mbili au tatu, jioni, nyumbani kwa mama mkwe, mbele ya chai. Jibu lilikuwa lile lile. Mara ya mwisho aliongeza kitu. Alisema mtoto hawezi kulelewa na mtu ambaye hayupo, kwamba yeye amezika mwanawe na hatampa mjukuu wake mtu anayetembea kama amezikwa pamoja naye. Alisema bila hasira, akijaza kikombe changu. Niliinywa chai ile. Nilijua kwamba akisema "bado" mara nyingine chache, mtoto atakuwa wake kabisa, na mimi nitabaki kuwa yule wa bei.

Wakati huo nilikuwa nimeona bei za kufungua nyingi mno. Zilipita chini ya vidole vyangu kila siku kwenye safu yake ya pekee, ndogo, tiifu, na kila moja ilikuwa mtu aliyetaka kidogo akapewa kwa sababu tu amewahi.

Asubuhi moja nilitoka chumbani ukungu ukiwa bado umelalia paa za vibanda. Sikumngoja mtunza ghala. Nilipita kwa wote waliokuwa wakifungua magunia bila kumwuliza mtu bei, nikaenda moja kwa moja mpaka kwa mama mkwe. Kamba ya gunia lake ilikuwa bado mkononi. Aliniona nikija, akaona saa, akaona kwamba hakuna mtu mbele yangu, na nikajua ameelewa kwa jinsi alivyoacha kuizungusha ile kamba.

Mtoto alikuwa juu ya debe lake, kwenye lile sweta, gorogoro mkononi. Akaniita kwa Kiswahili, kama wanavyofundishwa kuwaita watu wa mjini:

"Kastama, karibu. Nifungulie."

Hapo ndipo ile michomo ilipokuja. Siwezi kuieleza vizuri zaidi ya kusema kwamba iliuma, na kwamba niliutambua kila mmoja. Mwanangu alikuwa akinikaribisha kwa adabu kamili ya mtu anayenijua kwa bei tu. Niliumia kwa ajili yake, na nyuma yake nikaumia kwa ajili ya mume wangu, yeye na malaria yake ya kijinga, na vile viatu visivyolingana kaburini.

"Mama," nilimwambia mkwe wangu, "sikuja kununua maharagwe. Nimekuja kuomba mtoto."

Wanawake wa pande zote mbili waliacha kufungua magunia yao.

"Umekuja kunishika asubuhi," alisema.

"Ndiyo."

"Hii si biashara."

"Najua, Mama. Ndiyo maana nimekuja wa kwanza."

"Na nikikurudisha?"

Jirani yake, bibi muuza njahi, alijibu kwa niaba yangu kwa kuguna tu, na mguno huo ulisema yote. Mama mkwe alimtupia jicho. Kisha akanigeukia, akanisogelea karibu, akaanza kunichunguza uso kama siku zote. Mimi nilikuwa nalia. Nililia vibaya, kwa sauti, makamasi yakinitoka, mbele ya soko.

"Umetulia?" aliniuliza.

"Hapana. Sijatulia hata kidogo."

Akashika ncha ya leso yake mwenyewe, akanipangusa uso kwa nguvu, kama anavyompangusa mtoto, kisha akajipangusa macho yake kwa ncha ile ile. Yeye alikuwa amelia peke yake kwa muda huo wote, na nadhani hilo ndilo lilikuwa limemkasirisha.

"Haya," alisema. "Leo jioni mpaka Jumapili. Hiyo ni ya kufungua. Bei ya siku nzima tutaongea mchana."

Mtoto alikuwa akitutazama, gorogoro likiwa bado limenyooshwa kwangu.

"Shosho, huyu kastama analia nini?"

"Si kastama," mama mkwe alimwambia. "Huyu ni mama yako."

Mtoto akatikisa kichwa. Alikuwa na subira na sisi, watu wakubwa tuliochanganyikiwa.

"Mama yangu ako Embu," alisema.

"Alikuwa Embu," nilimwambia.

Akalifikiria hilo. Kisha akanipa gorogoro nimshikie, ili ateremke.